Siku Kanyere Alipokasirika Vizuri

Marie-Jeanne aliuza vitunguu vya majani na maharagwe katika soko dogo la Vulamba, hapa Butembo, na sauti yake ilijulikana kuliko bidhaa zake. Akicheka, wauza makaa wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Akigombana, waliacha kazi kabisa. Kwa hiyo binti yake Kanyere alipoanza kunyamaza, majirani waligundua upesi. Nyumba ile haikuzoea kimya.

Kanyere alikuwa na miaka kumi na sita. Hakunyamaza kwa siku moja. Kwanza aliacha kwenda bombani na wenzake, akawa anachota maji peke yake wakati wa jua kali, saa ambayo hakuna mtu. Halafu akaacha kusuka nywele. Mwezi wa kwanza, shule ilipofunguliwa baada ya Noeli, alivaa sare yake asubuhi kama kawaida. Saa nne mama yake alipopita nyumbani kuchukua gunia tupu, alimkuta ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi.

"Unagonjwa?"

"Hapana."

"Kuko mutu alikufanya kitu?"

"Hapana."

"Sasa juu ya nini haukuenda ku masomo?"

"Sijue, mama."

Na ilikuwa kweli. Hakujua.

Miaka mitatu kabla ya hapo familia ile iliishi Eringeti, kaskazini mwa mji wa Beni, na shamba la kakao na nyumba ya matofali. Walikimbia vita huko kwa miguu, na godoro moja na sufuria mbili, na walimwacha Salomon, kaka yake Kanyere, chini ya udongo kando ya kanisa. Walipofika Butembo hakuna aliyepata nafasi ya kulia. Siméon, baba yao, alipata kazi ya kulinda duka la misumari na mabati. Marie-Jeanne alianza biashara na kikapu kimoja. Kanyere, akiwa na miaka kumi na tatu, alipika, akawaogesha wadogo zake, na bado akawa wa kwanza darasani. "Huyu mutoto ni jiwe," mama yake aliwaambia watu. Jiwe lenyewe likaanguka baadaye, wakati kila mtu aliamini kwamba yaliyokuwa ya kuanguka yamekwisha kuanguka.

Marie-Jeanne alijaribu kila dawa aliyoijua. Alimpeleka kupimwa malaria mara mbili. Aliwaita akina mama wa parokia wakaja kusali, wakaimba mpaka bati likatetemeka. Alimgombeza. Alimwita mvivu mbele ya majirani, akidhani aibu itamwinua. Asubuhi moja alishikwa na hasira, akachukua jagi la maji baridi, akalimwaga kitandani. Kanyere aliinuka polepole, akajifuta uso, akageuza godoro, akalala upande mkavu. Hakukunja hata uso. Marie-Jeanne alibaki amesimama na jagi mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Eringeti akaogopa sana.

Mwezi wa nne alimpeleka tena kituo cha afya, kupimwa malaria mara ya tatu. Muuguzi hakutoboa kidole. Alimwomba Marie-Jeanne angoje nje, akazungumza na Kanyere karibu nusu saa, halafu akawaonyesha mlango wa chumba kilichokuwa nyuma ya kituo. Huko walimkuta Adèle.

Adèle alikuwa mwanamke mfupi, mwanasaikolojia, mwenye buti za mvua na sauti ya chini. Alieleza kwamba anakusanya wasichana kumi, Jumatano na Jumamosi, kwa majuma kumi na mawili.

"Hakuna mutu alimuloga, mama, na si uvivu," alisema. "Ni ugonjwa ya huzuni. Inaponaka, mais inaomba kazi."

"Kazi gani? Mutabafundisha batoto kulia?"

"Kulia banajua. Tutabafundisha kile cha kufanya kisha kulia."

Marie-Jeanne alimtazama binti yake. Kanyere alikuwa anatazama sakafu, lakini alikuwa anasikiliza. Masikio ya mtoto mama huyajua.

"Kuko sheria moja," Adèle akaongeza. "Ile banasema mu chumba inabakia mu chumba. Hata bazazi hawaiulize."

"Hata miye mama yake?"

"Hata weye. Akipenda kukuambia yake, atakuambia. Ya benzake, hapana."

"Hakuna shida," alisema Marie-Jeanne, haraka, kama mtu anayekubali jambo lisilomhusu.

Juma la kwanza Kanyere alirudi na daftari. Jioni, mama akichambua maharagwe na baba akijiandaa kwenda kazini, aliketi kati yao na kalamu. Ilikuwa kazi ya nyumbani: kila mtu ataje anachosikia moyoni, na akipe namba, kutoka sifuri mpaka kumi.

"Mama, unasikia nini mu roho?"

"Njaa. Tisa."

"Njaa haiko mu liste."

"Basi uiandike. Liste gani haijue njaa?"

Kanyere aliandika. Halafu akamgeukia baba yake.

"Niko sawa," alisema Siméon.

"Hata 'sawa' haiko mu liste, papa."

Siméon alikuwa mtu wa maneno machache. Alifunga kamba za kiatu kimoja, akafunga za cha pili, na Marie-Jeanne alidhani amekataa. Kisha akasema, "Aibu. Sita." Akachukua tochi yake, akaondoka. Marie-Jeanne alibaki ameshika maharagwe. Walikuwa wameoana miaka ishirini na miwili na hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mume wake.

Juma lililofuata walifundishwa kwenda kinyume. Huzuni ikikuambia ulale, unainuka na kufanya kitu kidogo. Ikikuambia ujifiche, unakwenda mahali penye watu wawili. Si ishirini, wawili. Kanyere alirudi nyumbani, akaosha sahani moja, akaiweka juani, akarudi kitandani. Rundo la vyombo lilibaki palepale. Marie-Jeanne alifungua mdomo, akaufunga. Kesho yake zilikuwa sahani mbili na sufuria. Mwisho wa juma msichana alikwenda bombani jioni, saa ya watu, akasimama kwenye foleni na ndoo yake, akarudi akitetemeka kama aliyetoka vitani, na maji hayakupungua hata kidogo.

Halafu ikaja siku ya beseni. Marie-Jeanne alirudi kutoka sokoni akasikia kimya uani. Alipozunguka nyumba alimwona Kanyere amepiga magoti, uso wote umezama ndani ya beseni la maji, hapumui. Alitupa kikapu, akapiga yowe lililosikika mpaka kanisani, akamrukia mtoto na kumvuta kwa nyuma, beseni likapinduka, wote wawili wakaanguka matopeni.

"Mama! Ni zoezi!"

"Zoezi ya kufa?"

"Ya kutuliza mwili! Roho ikipiga mbio, unaingiza uso mu maji ya baridi, unahesabu mpaka makumi tatu. Nilikuwa nafika makumi mbili na tano!"

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa ukutani. Marie-Jeanne aliketi matopeni, kikwembe kiunoni kimelowa, kitunguu kimoja kimenasa kwenye kilemba. Kanyere alimwangalia, akakiangalia kitunguu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. Ulikuwa mwezi wa tano, na tangu mwaka uanze Marie-Jeanne hakuwa amesikia kicheko hicho.

Tangu siku hiyo aliacha kuuliza kama kazi ya Adèle ni kazi. Akaanza kuhesabu ushindi wa binti yake jinsi wengine wanavyohesabu kuku wao. Leo amesuka nywele. Leo amegombana na mdogo wake juu ya sabuni. Leo amekula mara mbili. Fahari ilimjaa kifuani, na kifua cha Marie-Jeanne hakikuumbwa kwa kufungia vitu.

Juma la nane, siku ya Jumatano, mvua kubwa ilinyesha. Alifunga biashara mapema, akachukua mwavuli, akaenda kumngoja Kanyere. Alisimama chini ya upenu nyuma ya kituo, karibu na dirisha la chumba. Dirisha lilikuwa wazi. Hakusogea karibu ili asikilize. Lakini pia hakusogea mbali.

Msichana mmoja alikuwa anazungumza, na Marie-Jeanne aliitambua sauti yake. Ni Yasmine, mwenye miaka kumi na mitano, binti wa Lukumani, msafirishaji wa Beni mwenye malori mawili. Alikuwa anakaa Rughenda kwa shangazi yake, upande wa uwanja wa ndege. Mara kadhaa alikuwa amemsindikiza Kanyere mpaka sokoni. Sasa alikuwa anasema kwa shida, neno moja moja. Alisema kwamba tangu ule usiku wa risasi katika mtaa wao, Beni, anakojoa kitandani. Si kila siku, lakini mara nyingi. Kwamba shangazi yake humsaidia kutoa godoro nje kabla majirani hawajaamka. Kwamba hajalala kwa rafiki hata mara moja, na kwamba hilo hakumwambia mtu, hata baba yake.

Marie-Jeanne alingoja wasichana wacheke. Yeye mwenyewe, katika umri ule, angecheka.

Kiti kilikwaruza sakafu. Halafu akasikia sauti ya Kanyere.

"Naweza kukaa karibu yako?"

Akasikia hatua.

"Aibu yako iko ngapi?" Kanyere akauliza.

"Kumi."

"Basi tuikalie pamoja mpaka ifike saba. Hatutafute sifuri."

Na wasichana wote wakaanza kuvuta pumzi na kuishusha polepole, Kanyere akiwahesabia. Nje, mvua ilikuwa inamlowesha Marie-Jeanne begani, kwa kuwa mwavuli ulikuwa umelala upande, naye alikuwa analia. Mtoto wake! Yule wa kiatu kimoja! Ameinuka kati ya watu, bila kuambiwa, akamshika mwenzake asizame.

Kesho yake alikwenda sokoni na furaha hiyo mdomoni kama kaa la moto. Alimwambia Virginie tu, muuza unga wa mihogo, aliyekaa meza ya jirani. Alikusudia kusifu, si kusengenya. Lakini ushujaa wa Kanyere haukuwa na uzito bila aibu ya Yasmine, kwa hiyo alieleza na aibu ya Yasmine. Virginie alipouliza Yasmine yupi, akaeleza yupi. Akaeleza mpaka godoro. Virginie alipiga makofi, akasema kweli Kanyere ni mtoto wa maana, na kabla ya mchana wanawake wengine watatu walikuwa wamekuja kusikia habari ya mtoto wa maana.

Nasiba, shangazi yake Yasmine, alikuwa mteja wa Virginie.

Jumamosi saa saba mchana Kanyere alifika sokoni. Marie-Jeanne alimwona kwa mbali, akajua kwa mwendo wake kwamba kuna jambo. Akawaza: sasa atalala tena, atalala mwezi mzima.

"Mama, njoo huku nyuma kidogo," Kanyere alisema.

"Niko na bateja."

"Nitangoja."

Na akangoja. Alisimama kando ya magunia, mikono imeshikana, mpaka mteja wa mwisho akaondoka. Kisha wakaenda nyuma ya meza, penye ukuta.

"Jeudi, kesho ya ile mvua, ulielezea Mama Virginie maneno ya Yasmine," alianza Kanyere. Sauti yake haikupanda. "Ulisikia ku dirisha. Leo Yasmine hakukuja. Shangazi yake amesikia hapa ku soko. Niko na hasira, mama. Iko nane. Na chini ya hasira kuko aibu, juu benzangu banafikiri ni miye njo nilitoboa siri. Naomba tuende sisi wote mbili ku Rughenda, useme kama ni weye."

Marie-Jeanne aliweka mikono kiunoni.

"We Kanyere! Miye njo nilikuzaa! Uko nakuja kunihukumu hapa, mbele ya vitunguu? Nilikuwa nakusifu! Nilikuwa nabaambia vile uko mutoto ya maana!"

"Najua. Ulisema juu ulikuwa unanifurahia. Ile ni kweli. Na Yasmine hakukuja. Ile pia ni kweli."

"Nenda ku nyumba."

Kanyere aligeuka, akaenda mpaka kwenye bomba la soko, akafungua maji, akanawa uso, mara moja, mara mbili, mara tatu. Marie-Jeanne aliona mabega yake yakishuka. Halafu msichana akarudi, maji yakimchuruzika shingoni, akasimama palepale aliposimama mwanzo.

"Naomba tuende sisi wote mbili ku Rughenda, mama, useme kama ni weye," alisema tena, maneno yaleyale, wala hakuongeza tusi, wala hakupunguza.

Ndipo akaenda nyumbani. Marie-Jeanne aliuza vibaya mchana ule. Alimrudishia mteja chenji zaidi, akamkatalia mwingine bei nzuri. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja chumbani kumtazama kitandani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kanyere alikuwa uani, anatwanga sombe, majani ya mihogo ya jioni, na kila pigo la mchi lilikuwa pigo la mtu mwenye hasira, aliye macho, aliye hai.

Wakati wa kula Marie-Jeanne alimweleza mume wake, akitegemea atasema kwamba mtoto amevuka mpaka. Siméon alisikiliza huku anakula. Alipomaliza alinawa mikono.

"Mwaka huu wote umeomba Mungu mutoto aseme," alisema. "Amesema. Sasa unataka achague maneno ya kukupendeza?"

Marie-Jeanne alikumbuka lile jagi la maji, na yule mtoto aliyegeuza godoro bila hata kukunja uso. Mtoto yule asingemtafuta mtu sokoni. Huyu wa leo alikuja kwa miguu yake, akangoja wateja waondoke ili asimwaibishe mama yake, akasema kosa, akasema uchungu, akaomba. Watu wazima wangapi wa Vulamba wanaweza kukasirika namna hiyo? Yeye mwenyewe hawezi. Na jambo lililomchoma zaidi ni kwamba hii ilikuwa fahari kubwa kuliko zote, na hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Siku iliyofuata, baada ya misa, walikwenda Rughenda kwa miguu.

Nasiba aliwapokea mlangoni, mwanamke mrefu, mtandio wa kijani kichwani. Hakuwaambia waingie.

"Mama Kanyere. Jina yako nimeisikia ku soko."

"Ni vile," alisema Marie-Jeanne. Njiani alikuwa ametunga hotuba ndefu, na sasa haikuwa na kazi. "Nilisimama ku dirisha, nikasikia maneno haikuwa yangu, nikaibeba mpaka ku soko. Kanyere hajaniambia kitu juu ya Yasmine, hata siku moja. Ni mudomo yangu miye. Nimekuja kuomba bulongo."

Alisema "bulongo" kwa haraka, kwa kuona haya. Ni msamaha, ile "pardon" tunayoisema kila siku, lakini kwa neno la kwao, na neno la nyumbani lina uzito wake. Nasiba hakulijua, ila alilielewa.

"Maji ikisha kumwangika, haizoleke," alisema.

"Haizoleke. Najua."

Yasmine alikuwa amekuja mpaka nyuma ya shangazi yake. Hakumtazama Marie-Jeanne, alimtazama Kanyere tu.

"Kweli si weye?"

"Si miye," alisema Kanyere. "Mais ni mama yangu, donc nilikuja. Kiti yako iko. Kama hauji, tutaiacha tu pale."

"Nimesikia," alisema Yasmine, akarudi ndani.

Hakuja. Baada ya siku tatu alipanda lori la baba yake kurudi Beni.

Kanyere alipojua alilala siku mbili. Mama yake alizunguka nyumba kwa ncha za vidole, akiamini ameharibu kila kitu. Lakini siku ya tatu, kabla hajamwita, Kanyere alitoka mwenyewe, macho yamevimba, akaomba maji ya kuoga. "Huzuni imerudi," alisema. "Mais sasa najua njia yake inapitiaka wapi." Akaenda kwa Adèle Jumamosi, akamaliza majuma yote kumi na mawili, na kiti cha Yasmine kilikaa mle mpaka mwisho, hakuna aliyekikalia.

Huko sokoni Marie-Jeanne alifanya jambo ambalo halikuwa rahisi kwake. Aliwaita Virginie na wale wengine watatu, akawaambia kwamba habari ile haikuwa yake, kwamba amekosa, na kwamba atakayeirudia asije kununua kitunguu kwake. Walipomuuliza siku nyingine, "Na Kanyere, anaendeleaje?" aliwajibu, "Mumuulize yeye."

Mwezi wa nane Adèle alikuja nyumbani. Alikuwa anafungua kundi jipya Beni na alitaka msichana aliyemaliza aende kusema na wenzake siku ya kwanza, kwa sababu mama zao huko hawaamini. Kanyere alikuwa tayari ameandikishwa kurudia mwaka shuleni, na Siméon alikwisha kumnunulia viatu. Alifikiri kidogo, akasema atakwenda, lakini pamoja na mama yake.

"Miye nitaenda kufanya nini?" Marie-Jeanne aliuliza.

"Utaona."

Waliondoka Butembo asubuhi, kwa taksi, watu wanne nyuma. Kanyere hakuwa ameiona njia ile tangu walipokimbia kutoka Eringeti. Mahali fulani, milima ilipoanza kushuka na joto kuingia dirishani, alimshika mama yake mkono. Marie-Jeanne alisikia pumzi yake ikienda ndefu, ikirudi ndefu. Hakumuuliza namba.

Chumba cha Beni kilikuwa na mabenchi. Akina mama upande mmoja, wasichana upande wa pili. Adèle alifungua mkutano. Mama mmoja aliyeketi mbele, mikono imekunjwa, hakumwacha amalize.

"Batoto yetu hawako na wazimu," alisema. "Juu ya nini tubalete kwa munganga ya wazimu?"

Adèle alimtazama Kanyere. Kanyere aliinuka. Karatasi aliyokuwa ameandika aliiweka chini.

"Hata miye sikuwa na wazimu, mama," alisema. "Nilikuwa naamuka asubui, navaa kiatu moja, ya pili inanishinda. Miezi mine. Nilifikiri ni miye mubaya. Mu kundi ya Butembo nilifunzwa kuuliza: ni nini nasikia? Iko ngapi? Inaniambia nifanye nini, na nikifanya kinyume itakuwa je? Haitoshe kila siku. Kuko siku nalala tena. Mais siku hizi naamuka mbele mama yangu aniite."

Yule mama alikunjua mikono. Wasichana wa benchi la pili walikuwa wameacha kunong'ona.

"Kuko sheria moja," Kanyere aliendelea. "Ya ndani inabakia ndani. Ile, mama yangu njo atabaelezea."

Marie-Jeanne alihisi macho yote yakimgeukia. Aliinuka. Sauti yake, ile ya Vulamba, ilitoka ndogo.

"Nilivunja ile sheria," alisema. "Sitasema ilikuwa siri gani, wala mutoto gani. Nilikuwa najivunia binti yangu, nikachukua uchungu ya mutoto ya mwenzangu nikaifanya kiti ya kusimamia. Ule mutoto akaacha kundi. Binti yangu akanifuata ku soko, akaniambia kosa yangu mu uso, na heshima. Banamama, batoto yenu batakuja siku moja kubaambia maneno haitabafurahisha. Musibafunge mudomo. Njo dawa inafanya kazi."

Mama wa mbele akauliza, "Na ule mutoto alikusamehe?"

"Sijue, mama. Ile ni yake. Siwezi kuisema."

Alipoketi ndipo alipomwona mtu mnene mwenye kofia nyeupe amesimama mlangoni, funguo za lori mkononi, na mbele yake Yasmine. Hakujua wamesimama pale tangu lini. Yasmine alipita katikati ya mabenchi, akaenda upande wa wasichana, akaketi. Adèle akaandika jina lake kwenye orodha, la kumi na moja, kisha akawaomba akina mama watoke, mlango ukafungwa, na safari hii madirisha nayo.

Nje, akina mama walikaa kwenye kivuli cha ukuta. Marie-Jeanne alikwenda kukaa mbali, karibu na barabara, ambako hata angetaka asingesikia neno.

Walipotoka, Yasmine na Kanyere walikuwa wanatembea bega kwa bega, wanaongea wote wawili kwa pamoja. Yasmine alisimama mbele ya Marie-Jeanne. Safari hii alimtazama usoni.

"Mama, umekwisha kula?"

"Bado, mwana."

"Twende kwetu. Papa amesema."

Walikula kwa Lukumani, wali na samaki wa ziwa, kwenye meza kubwa uani, malori mawili yakiwa yameegeshwa kando. Lukumani, aliyekuwa hajui jinsi ya kuzungumza na wasichana, alimuuliza Kanyere jinsi ile kazi yao inavyofanyika, na kama inaweza kumfaa dereva anayeshindwa kulala. Kanyere alianza kumweleza, kwa utaratibu, akimkatisha alipokwenda mbio, akimrudisha nyuma aliporuka. Yule mtu mzima alikuwa anaitika kwa kichwa kama mwanafunzi. Marie-Jeanne alichukua kipande kingine cha samaki, akatafuna polepole, na kwa saa nzima hakuongeza hata neno moja.